Binti wa dada yako amekwambia anavutiwa na wasichana: jibu kwa mama mdogo wa Kayole

Kwa wasiosoma swali: dada mmoja anayeishi Kayole ametembelewa likizo hii na binti wa dada yake, miaka 16, kidato cha tatu, anayesoma shule ya bweni katika mji mdogo upande wa Embu. Usiku mmoja stima zilipopotea, binti akamwambia kwamba moyo wake huenda kwa wasichana, si kwa wavulana, na kwamba anajichukia kwa hilo. Ameomba mama yake asiambiwe. Dada anauliza aanzie wapi, na kama amwite pasta.

Dada, nimeshughulika na vijana wa umri huu kwa muda wa kutosha kujua jambo moja: mara nyingi kinachowavunja ni namna habari yao inavyotembea, kuliko hisia zenyewe. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuizuia habari isitembee. Kujua binti atakuwa nani akiwa na miaka 30 si kazi yako, na wala yeye hahitaji kulijua hilo leo.

Usimwambie mumeo, usimwambie rafiki wa chama, usimwambie dada yako. Nia njema haizuii neno kusambaa. Mjini kwao mwenye kibanda cha M-Pesa ni shemeji ya matroni, matroni anaimba kwaya moja na mama wa binti, na mwalimu wa nidhamu hununua maziwa kwa babu yake. Neno likitoka Kayole Jumapili, Jumatano liko bwenini. Ila usimwahidi siri isiyo na mpaka, kwa maana ukija kuivunja hatakuamini tena. Mwambie hivi: "Nitaitunza. Kitu kimoja tu kitanifanya niongee na mtu mwingine, nikiona uhai wako uko hatarini. Hata hapo nitakwambia wewe kwanza, na nitakachosema ni kwamba uko hatarini, si nani unayempenda."

Mazungumzo yenyewe yarudie ndani ya siku moja au mbili. Ukikaa kimya wiki nzima, kimya hicho yeye anakisoma kama hukumu. Usimketishe kwenye kochi uso kwa uso kama kesi. Mpe viazi amenye, nawe katakata vitunguu, mikono iwe na kazi na macho yawe kwenye sufuria. Kisha sema: "Lile ulilonieleza juzi nililisikia. Nakupenda vilevile, na hapa nyumbani hakuna kilichobadilika." Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaogopa ukimya, wanaujaza mawaidha. Hesabu viazi vitatu kabla ya kufungua mdomo tena. Akilia, mwache alie, na usiondoke jikoni.

Maswali matatu yaepuke kabisa. "Nani alikufundisha?" linamwambia kwamba ameambukizwa ugonjwa. "Umeshafanya nini na nani?" halikuhusu, na linamvua heshima. "Si utaacha tu ukikua?" linamfundisha kwamba upendo wako una tarehe ya mwisho. Kuna vijana ambao hisia zao hubadilika na kuna ambao hazibadiliki, na hakuna anayeweza kumtazama mtoto akajua ni yupi. Swali moja tu la kuuliza, kwa sauti ya chini na mara moja: "Kuna mtu amekuumiza au kukulazimisha kitu?" Uliza kwa sababu usalama wake ni jukumu lako. Usiulize ukitafuta chanzo cha hisia zake, na jibu likiwa hapana, mwamini.

Kuhusu majina: usimpe jina kabla hajajipa mwenyewe. "Msagaji" limetumika kama jiwe la kurushia watu. "Shoga", ambalo wanawake wa Pwani huitana kwa mapenzi wakimaanisha rafiki wa karibu, hapa Nairobi limegeuzwa tusi. Akisema "niko hivi", nawe sema "uko hivyo". Inatosha.

Sasa kujichukia, ambako ndiko nataka ukae zaidi. Msichana anayesema "mimi ni mchafu" mara nyingi anarudia sentensi ya mtu mwingine bila kukumbuka ni ya nani. Kuna zoezi rahisi. Mpe karatasi ya mazoezi, aikunje katikati. Upande wa kushoto aandike kila alichowahi kusikia kuhusu watu walio kama yeye, na mbele ya kila sentensi aandike nani alisema na wapi: mhubiri kwenye mkutano wa hadhara, mjomba mezani, mwalimu gwarideni, video ya TikTok. Upande wa kulia aandike anachokijua kujihusu kwa ushahidi: nani humwendea kumlilia bwenini, somo gani analisaidia darasa, nani alimlea mdogo wake mama alipolazwa. Usimsahihishe wala usisome bila kuombwa. Sentensi ikishapata mwenyewe, inaanza kumtoka. Mkimaliza, karatasi iteketee kwenye jiko la makaa palepale. Asirudi nayo shuleni, na wala asiandike shajara ya mambo haya akiwa bweni, kwa sababu masanduku hupekuliwa, na daftari ndilo husomwa kwa sauti.

Mwambie pia ukweli huu kwa maneno mepesi: Shirika la Afya Duniani liliondoa kuvutiwa na watu wa jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Si ugonjwa, kwa hiyo hakuna dawa yake, na anayeuza dawa anauza kitu ambacho hakipo.

Hapo ndipo swali la pasta linapojibiwa. Usimwite. Simpingi Mungu wala kanisa lako. Ninachopinga ni maombi ya kufungulia: mtoto kufungishwa chakula siku kadhaa, kushikwa kichwa na watu wazima watano, kuulizwa jina la pepo. Pepo asipotoka, na hatatoka, mtoto anahitimisha kwamba hata Mungu amemkataa, na anaanza kuwadanganya nyote ili yaishe. Akitaka kusali, salini pamoja, na maneno ya sala ayachague yeye.

Ukitafuta mnasihi, mpigie kabla ya kutoa hata shilingi. Muulize kama amesajiliwa na bodi iliyoundwa na Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya 2014. Muulize: "Msichana akikwambia anavutiwa na wasichana, lengo lako litakuwa nini?" Akisema kumrekebisha, kumrudisha au kumwokoa, mshukuru na ukate simu. Unayemtaka atasema kupunguza woga, kurudisha usingizi, kumsaidia awe salama. Tatu, muulize atamwambia nani yatakayosemwa. Mnasihi anayeahidi kukupa ripoti yote hafai, hata kama wewe ndiye unayelipa.

Sheria iseme wazi, maana mtu atamtisha nayo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina vifungu 162, 163 na 165, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Vifungu hivyo vinaadhibu matendo ya ngono, na cha 165 kinataja wanaume. Hakuna kifungu kinachomfanya mtu mhalifu kwa kuvutiwa, kwa kujua moyo wake, au kwa kumwambia mama yake mdogo. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu nayo iliamua kwamba watu wanaovutiwa na jinsia yao hawawezi kunyimwa haki ya kusajili shirika lao kwa sababu tu ya walivyo. Anayesema "nitakupeleka polisi kwa kuwa uko hivyo" anatisha tu. Mtoto ana haki ya faragha na heshima chini ya Katiba, vifungu 31 na 28, na kifungu cha 53 kinataka maslahi yake yatangulie katika kila jambo linalomhusu.

Simu ndiyo mlango unaovuja zaidi. Akiwa kwako kaeni mara moja, nusu saa, mfanye haya. Fungua WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, toa chochote ambacho si chake. Kaka aliyeiunganisha na kompyuta ya saiba mwezi wa nne huenda bado anasoma kila kitu. Zima maandishi ya ujumbe yasionekane skrini ikiwa imefungwa, kwa sababu simu inayolia juu ya meza wakati wa chai ndiyo imefichua wengi. Angalia picha zinahifadhiwa kwenye akaunti ya nani: kama ni Gmail ya mama, picha na skrinishoti zinaweza kutua kwenye simu ya mama. Badilisha nambari ya siri, isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Halafu mweleze kuhusu watu wa mtandaoni bila kumtisha. Msichana mpweke wa mji mdogo akipata mtu anayemwelewa, humwamini haraka, na wapo watu wazima wanaojua hilo na kulitumia. Asitume picha ya mwili wake kwa yeyote, hata kwa anayempenda. Asiende kukutana na mtu peke yake. Akitishwa kwa picha au kwa siri, asilipe hata mara moja, kwani malipo ya kwanza huzaa ya pili. Ahifadhi ujumbe na nambari, akwambie, na mripoti kwa kitengo cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinacholinda watoto, makao makuu yao yako Kiambu Road. Katika ripoti hiyo yeye ni mtoto aliyetishwa, na hamna haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Dalili za hatari hazifanani na huzuni ya kawaida. Angalia kama anagawa vitu anavyovipenda, anavaa mikono mirefu kwenye joto, halali siku tatu mfululizo, au ametulia ghafla baada ya wiki ya kulia. Ukiona, muulize wazi: "Umewaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, na dawa na sumu ya panya ziondoke nyumbani. Laini ya watoto ni 116, bure, usiku na mchana. Hospitali ya Mathari, ya afya ya akili, iko Thika Road. Na usiogope kumpeleka kwa sababu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Shule sitaikalia sana. Usiende kumweleza mwalimu yeyote mapema "ili wamwangalie". Lakini jua kwamba kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza viboko na mateso ya kiakili kwa mwanafunzi. Akiitwa ofisini akalazimishwa kuandika taarifa ya kukiri, asiandike wala asitie sahihi mpaka mzazi au wewe mfike. Mfundishe sentensi moja tu: "Naomba mzazi wangu aitwe kwanza." Tena wewe uwe umeorodheshwa shuleni kama mtu wa kupigiwa, mwombe dada yako hilo sasa, kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba uko Nairobi na unapatikana.

Kuhusu mama yake, uamuzi ni wa binti. Akikuuliza, mpime nawe kwa maswali magumu: nani analipa karo, nani anaweza kumtoa nyumbani, atalala wapi usiku wa kwanza mambo yakiharibika. Kama jibu la hilo la mwisho ni "sijui", bado wakati haujafika, na kungoja si uongo. Unaweza kuanza kuandaa udongo wewe mwenyewe: siku dada yako akimcheka mtu wa namna hii kwenye redio, usicheke naye, na useme kwa upole kwamba huyo naye ni mtoto wa mtu. Utaona uso wake unasema nini.

Kabla hajapanda gari Tea Room kurudi, kubaliana naye neno. Shuleni atapiga simu na matroni amesimama pembeni, hivyo neno liwe la kawaida: "Mama mdogo, mafuta yangu yameisha" maana yake njoo siku ya kutembelewa bila kukosa. "Mafuta yameisha na sabuni pia" maana yake njoo kesho. Lifanyieni mazoezi mara mbili mezani. Na nauli ya kurudi Kayole, kamili, ishone ndani ya pindo la sketi ya michezo, si kwenye sanduku.