Kumwambia mkulima kahawa yake ina kasoro bila kumpoteza

Swali: Napokea kahawa kwenye kituo cha ushirika wilayani Sironko, Uganda. Nikimwambia mkulima kahawa yake haifai, ananuna, na wiki inayofuata anawapelekea walanguzi. Wengi wao ni sawa na baba zangu. Niseme nao vipi?

Jibu: Ndugu yangu, mzee aliyelima kahawa ya arabika kwenye miteremko ya Mlima Elgon tangu ujana wake akiambiwa "haifai" hana la kufanya isipokuwa kuondoka. Mwonyeshe punje, hapo atakuwa na la kufanya.

Chota kiganja cha kahawa yake, mwaga kwenye trei, bambua ganda la punje chache, kisha mpe azishike na kuzinusa. Kabla hujasema lolote, uliza: "Mzee, hii ulichuma lini? Ukaimenya lini?" Akijibu kwamba alichuma Jumanne akamenya Jumatano jioni, kahawa ilikaa mno kabla ya kumenywa na harufu ya uchachu imeshapata maelezo, na mara nyingi atalitaja kosa yeye mwenyewe. Punje zikiwa zimekatika au zina michubuko, mashine yake ya mkono ya kumenyea imebana mno. Hiyo ni kazi ya kulegeza skrubu, na mwambie hivyo waziwazi, asidhani unamwita mvivu. Harufu ya udongo nayo hutokana na kuanika chini. Ataihitaji chanja, au turubai kwa kuanzia.

Taja kosa moja kwa siku, lile linalomshushia bei zaidi. Ukimsomea matano atarudi nyumbani na hasira tu, na mashine itabaki vilevile.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usiyaseme haya kwenye mizani, foleni ikisikiliza. Mzee hawezi kukosolewa na kijana mbele ya wakwe na majirani halafu akakusikia. Msogeze pembeni, mpe kiti, msalimie upya.

Lakini heshima isikufanye umpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kipima unyevu kikisoma asilimia 16 na ninyi mnataka 12, mwonyeshe namba hiyo kwa macho yake, mweleze kwamba kahawa hiyo itaota ukungu ghalani, na kwamba inahitaji kurudi juani, ikigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa mvua ikija. Ukiipokea kwa kumwonea haya, hasara wataibeba wanachama wote.

Akirudi na mzigo mwingine, kagua kwanza kasoro ile uliyomtajia. Ukikuta ameirekebisha, hilo litamke palepale kwenye mizani, foleni nzima isikie.