Uzi ukijaa chini, shika juu kwanza

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, mafundi wa Unguja hatulali. Na katika harakati hizo, lazima atokee fundi mwenzangu kijana na cherehani "iliyoharibika", bisibisi mkononi, skrubu ya nyumba ya bobini, ile inayoshika uzi wa chini, ameshaizungusha mpaka imelegea. Huyu ndiye ninayemwandikia. Mwanangu, weka bisibisi chini.

Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa kama kiota, lawama zote humwendea bobini kwa vile uchafu unaonekana upande wake. Kumbe aliyekosa mkazo ni uzi wa juu, ndiyo maana unateremka ovyo. Mara nyingi umetungwa mguu wa cherehani ukiwa chini. Mguu ukishuka, vile visahani viwili vya mkazo hubanana, na uzi unapita pembeni badala ya kuingia katikati yake. Nyanyua mguu, toa uzi wote, tunga upya kuanzia kwenye kigurudumu chake. Hakikisha umepita kwenye ule mkono unaopanda na kushuka. Ukiuruka huo, hata mshono mmoja hautakaa sawa.

Bado? Badili sindano. Wengi wetu tunangoja mpaka ikatike, ubahili ambao sijauelewa mpaka leo, maana kipande cha saten kilichotobolewa na ncha butu kinamgharimu mtu zaidi. Ukitaka kuijua iliyopinda, ilaze kwenye kioo kwa upande wake bapa, uutazame mwanga unaopita chini yake: nafasi iwe sawasawa mpaka nchani. Namba 75 inafaa shifoni, 90 poplini ya kanzu, 100 jinzi. Hiyo namba ni unene: 90 ni milimita 0.9. Vitambaa vinavyovutika vinataka ncha ya duara, la sivyo mashine itaruka mishono. Inaruka pia sindano isipopandishwa mpaka mwisho, au ikiwekwa kinyume. Ule mfereji mrefu ubavuni mwake uelekee upande unaoingizia uzi.

Sasa ndiyo tufike kwa bobini. Toa nyumba yake na bobini ndani, ining'inize kwa uzi wake. Isiporomoke yenyewe, ukitikisa mkono kidogo iteremke kidogo, isimame. Ikiwa inafanya hivyo, hiyo skrubu usiiguse. Ikilazimu, robo mzunguko tu, kisha ujaribu tena.

Kujaribu kwenyewe nafanyia kipande cha kitambaa kile kile cha mteja, kikunjwe mara mbili, uzi mweupe juu na mwekundu chini. Wekundu ukichungulia juu, uzi wa juu umekazwa mno, legeza. Weupe ukionekana chini, kaza. Fundo likipotea katikati ya vitambaa viwili, shona kanzu yako.

Kisiwani kwetu kuna na chumvi ya bahari. Mvua za masika, mashine iliyokaa bila kufunikwa hushika kutu, na vumbi la nyuzi chini ya bamba la sindano hunyonya unyevu. Fungua bamba, piga brashi katikati ya meno, tia tone la mafuta ya cherehani. Ya nazi mwachie mpishi: yakikaa kwenye chuma yananata, na gurudumu linakuwa zito.

Kama yote hayo yako sawa na bado inaruka, hasa baada ya sindano kugonga pini, pengine ndoano, ile inayoudaka uzi chini ya bamba, imehama majira yake. Sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda kama milimita 2, ncha ya ndoano inatakiwa ipite juu kidogo ya tundu la sindano, iuchukue uzi. Hapo mwite fundi wa mashine, na umkabidhi kile kipande chenye uzi mweupe na mwekundu. Ukimwambia tu "haishoni vizuri", ataanza kufungua kila kitu, na kwa kila skrubu anayofungua atakutoza.