Upanga wa kale uliozaliwa 1934

Mhariri, mliuliza ni kitu gani watu hukidhania cha kale kumbe ni cha juzi. Mimi nautaja upanga wa ofisa wa Kijapani katika picha za Vita vya Pili vya Dunia: mpini mrefu uliosukwa kwa utepe, ala ikining'inia ubavuni. Ukiuona unasema huyo ni samurai, urithi wa mababu haujawahi kukatika.

Ulikatika, tena kwa miaka karibu 60. Serikali ya Japani chini ya Mfalme Meiji ilipounda jeshi jipya iliwaita wakufunzi wa Kifaransa, na mwaka 1873 chuo cha kijeshi cha Toyama kikafunguliwa jijini Tokyo. Mwaka 1875 ikatoka kanuni ya silaha ya maofisa, nayo ilikuwa kitara cha Kizungu, chenye chuma kilichopinda kukinga vidole. Mwaka uliofuata raia wakakatazwa kutembea na panga.

Kigeni hakikuwa chuma tu. Kitara hushikwa kwa mkono mmoja, na mpiganaji humgeuzia adui ubavu. Mfikirie kijana wa ukoo wa samurai, aliyefundishwa tangu utotoni kushika mpini kwa mikono miwili na kumkabili mtu kifua kwa kifua, sasa anaambiwa mkono wa kushoto hauna kazi. Mimi ningegoma.

Wenyewe waligoma kimyakimya: maofisa wengi walichukua bapa la upanga wa ukoo wakalitia mpini wa kitara. Nje Mfaransa, ndani babu. Halafu katika uasi wa Satsuma, 1877, samurai walipoiasi serikali, kikosi cha polisi wa serikali wenye panga kiliwashambulia waasi huko Tabaruzaka kwa mapigo ya jadi, na mkuu wa polisi, Kawaji Toshiyoshi, akaanza kutetea mafunzo ya mapigo hayo yarudishwe.

Jeshi lilichelewa zaidi. Chuo cha Toyama kilitunga mtindo wake wa mikono miwili mwaka 1925, na upanga wenyewe ukabadilishwa 1934, ukaiga umbo la tachi, upanga wa samurai wa kale kuliko hata katana, ule upanga wa samurai unaojulikana zaidi. Wapanda farasi ndio waliobaki na kitara chao cha 1899, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeshika hatamu. Na yale mabapa ya ukoo? Mengine yalichomolewa kwenye mipini ya Kifaransa yakatiwa mipini mipya ya “kale”.