Mnaniuliza huku nina wasiwasi gani

Tumsifu Yesu Kristo, wadogo zangu wa Jumuiya. Swali lenu la Jumamosi bado ninalo: "Dada, wewe uko Uingereza, una wasiwasi gani tena wa maisha?" Mmoja wenu akaongeza kwamba huku nasali kwa mazoea tu, shida zimeshaisha. Nijibu bila kuficha.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilitoka zamu ya usiku nikakuta barua. Kazi yangu ni kutunza wazee, na viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya kuajiri wageni, sisi kwa kawaida tunapewa siku 60: utafute mwingine mwenye leseni au uondoke nchini. Wangu alikuwa amenyang'anywa. Niliisoma nimesimama jikoni, koti sijavua. Birika likachemka, likazima, likapoa. Nilichowaza ni kiwanja cha Kerege, alichouza Mama ili nipande ndege.

Usiku ule nilisali na sikupata amani yoyote. Nalisema kwa sababu wengi wanaotoa ushuhuda hapa huruka. Nilipiga magoti, nikasali Baba Yetu, nikakesha hadi alfajiri. Usiku wa pili vivyo hivyo.

Mama ndiye aliyenipigia akiwa soko la samaki, mafuta yanalia kwenye karai, akaniambia nisome Mathayo sita mpaka mwisho. Mstari wa 34 naujua tangu kipaimara, ila siku zote nilikuwa naishia "msisumbukie ya kesho". Siku hiyo niliumaliza: "Yatosha kwa siku maovu yake." Kumbe Yesu hakuahidi kwamba kesho itakuwa nyepesi. Anakubali kuwa leo ina uchungu wake, na unatosha. Nililia, wadogo zangu, kwa sababu hakunidanganya.

Nikaanza kuomba ya siku moja. Leo nipige simu tano za kazi. Leo nile. Rozari nilisali ndani ya basi, kimoyomoyo, kwa Kiswahili, maana Salamu Maria ya Kiingereza hainifiki. Nikawakumbuka Chuma na Susi tuliosimuliwa pale Misheni, watumishi wa yule mmisionari mvumbuzi, David Livingstone. Livingstone alifariki Mei 1873. Wao na wenzao wakaubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, ukalazwa katika kanisa lile la zamani ambalo mnara wake mnauona hadi leo. Miezi tisa! Kila asubuhi walijitwika mzigo wa kufika kambi ya jioni, basi.

Mwajiri mwingine nilimpata siku ya 51. Sitasema ni kwa kuwa nilisali vizuri. Dada mmoja Mkenya tuliyekuwa naye kazini, msali kuliko mimi, alikosa akarudi kwao. Tunapigiana simu, na bado anamshukuru Mungu kwa sauti ileile. Imani yake ndiyo inayonishika mkono siku hizi, kuliko hata mkataba wangu mpya.

Viza hii nayo ina mwisho wake, na hofu hurudi, hasa saa tisa za usiku. Kwa hiyo Jumamosi mkikutana msiniombee hela. Niombeeni usingizi. Na mkimaliza, mpitie kwa Mama mmsaidie kubeba zile ndoo za samaki; mgongo unamuuma na hatawaambia.