Wazo ni langu, mikono ni ya wengi: bidhaa ni ya nani?

Mwezi huu barua nyingi zimefanana, mtu kabuni kitu nyumbani, kawaonyesha wenzie, wenzie wakakipenda wakaanza kusaidia, alafu hapo ndo maswali yanapoanza. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imebeba mambo ya wengi.

*

Shikamoo anti. Nilichoka na sufuria kufurika kila nikigeuka kumwangalia mtoto, siku moja nikachukua waya mgumu nikaukunja, nikauvalisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, nikawa naupachika kwenye ukingo wa sufuria, mfuniko unabaki umeinuka kidogo tu, mvuke unatoka na jiko halichafuki. Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu letu la WhatsApp la akina mama. Hee, kila mtu anataka! Mmoja akasema waya ukikunjwa mara mbili hautateleza, na kweli hautelezi tena, mwingine akatoa jina zuri, wa tatu kaka yake ni fundi wa kuchomelea akatutengenezea 30, tukauza zikaisha. Sasa tunataka kutengeneza nyingi na maneno yameanza. Yule wa kukunja mara mbili anasema bila yeye hakuna kitu, wa jina anataka nusu, na mume wangu anasema nilikosea kutuma ile picha, ningekaa kimya. Je, kitu ni cha nani, na nimeshaibiwa tayari?
Mama Wawili

Marahaba mwanangu, na hongera kwanza, maana kuuza 30 zikaisha sio jambo dogo, kuna watu wana makabrasha ya michoro na hawajauza hata moja.

Nianze na mumeo. Hajakosea sana. Ili upate hataza, yani ile haki ya kuzuia wengine wasitengeneze wala kuuza ulichovumbua, ambayo wengi tunaiita patenti, kitu lazima kiwe kipya, na kwenye nchi nyingi ukishakiweka hadharani kinahesabika kimeshajulikana hata kama aliyekiweka hadharani ni wewe mwenyewe. Marekani inakupa mwaka mmoja tangu ulipokitangaza mwenyewe, ukiomba ndani ya huo mwaka uko salama, ila Ulaya kwa kawaida haikupi hiyo nafasi. Grupu la watu wachache walioahidiana kutunza siri ni kitu kingine, lakini nyie mmeuza, na aliyenunua hajaapa chochote. Kwahiyo ule waya wa kwanza, kwa sehemu nyingi, uhesabu umeshatoka.

Ila usilie. Umbo la kitu lina ulinzi wake tofauti na hataza, na Umoja wa Ulaya kwa mfano unakuruhusu kusajili umbo ndani ya miezi 12 tangu ulionyeshe. Jina nalo linasajiliwa kama alama ya biashara, na hilo kutangazwa hakuliui, isipokuwa mtu mwingine awahi kulisajili kabla yenu. Alafu maboresho ambayo hamjamwonyesha mtu bado ni yenu, hayo ndo ya kufungia mdomo kwa sasa. Na ninavyoona mimi mtalazimika kuboresha, maana mpira wa tairi haukutengenezwa kukaa kwenye mvuke wa chakula siku nzima, tafuteni silikoni ile ya vyombo vya jikoni inayovumilia moto, mkibadilisha mtakuta hata umbo linabadilika, na hapo mna kitu kipya cha kupeleka kusajiliwa kabla hakijapigwa picha. Tafadhali hili la mpira lifanyeni hata kama mengine yote mtayaacha.

Sasa kusema ungekaa kimya, hapo mimi na shemeji tunaachana njia. Ungekaa kimya ungekuwa na waya mmoja unaoteleza. Umeona? Aliyesema ukunjwe mara mbili alikuwa jikoni kwake, na sufuria zake, na waya wako, akaona usichokiona. Ndo maana napenda sana vitu vinavyozaliwa hivi, kila jiko lina ubishi wake na kitu kikipita majiko kumi kinatoka kimekomaa.

Kuna mama mmoja Mjerumani, Melitta Bentz, wa Dresden, alichoshwa na machicha kwenye kahawa, akachukua kopo la shaba akalitoboa matundu kwa msumari, akatandika karatasi ya kukaushia wino aliyoichomoa kwenye daftari la mwanae wa shule, akamimina. Huo ndo mwanzo wa chujio la karatasi la kahawa. Mwaka 1908 akalisajili, akaanzisha kampuni pale pale nyumbani na mumewe Hugo, watoto wakawa wanasukuma mkokoteni kupeleka mizigo, na 1909 wakaenda kwenye maonyesho ya biashara Leipzig wakauza zaidi ya 1,200. Angalia mpangilio wake: kwanza alisajili, ndo akaenda maonyeshoni, na watu wa nyumbani kila mmoja alikuwa na kazi yake inayojulikana.

Sasa swali la nani mwenye kitu. Kisheria mvumbuzi ni yule aliyechangia wazo lenyewe la jinsi kitu kinavyofanya kazi. Wewe ni mvumbuzi wa kile kishikio cha mfuniko. Dada wa kukunja mara mbili, kama huko kukunja ndo kunakozuia kuteleza na mtaliombea hilo ulinzi, basi yeye ni mvumbuzi mwenza wa hilo, usimnyime, jina lake likiachwa kwa makusudi hata hataza yenyewe inaweza kuja kupingwa. Fundi aliyechomelea kama mlivyomwelekeza analipwa kazi yake, sio mvumbuzi. Wa jina sio mvumbuzi pia, lakini jina lina thamani, na thamani hiyo mnaipanga nyie sio sheria.

Na hapa ndo nataka unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote: kuwa mvumbuzi na kugawana hela ni vitu viwili. Marekani kwa mfano, watu wawili wenye hataza moja, kama hawakuandikiana, kila mmoja anaweza kuitumia na kuuza bila kumgawia mwenzie hata senti. Sheria za nchi nyingine zinatofautiana, lakini popote ulipo karatasi yenu mliyosaini mapema ndo itawatuliza.

Kulikuwa na kampuni New York inaitwa Quirky, ilianzishwa 2009 na Ben Kaufman, kazi yake ilikuwa hii hii yenu ila kwa maelfu ya watu. Unatuma wazo lako la nyumbani, watu wanapiga kura, wengine wanapendekeza rangi, wengine jina, wengine bei, kampuni inatengeneza, na hela ikiingia inagawiwa kwa mwenye wazo na kwa wote waliochangia kulingana na mchango wa kila mmoja. Kijana mmoja, Jake Zien, alikuwa na wazo la ekstensheni ya umeme inayopinda ili zile chaja nene zisizibe tundu la jirani, ikaitwa Pivot Power, watu zaidi ya 700 wakahesabiwa kuwa wamechangia, na iliuzwa sana, hela ikamfikia yeye na wao. Mchango wa mtu ulirekodiwa siku ile ile anapoutoa, aliyependekeza jina likachaguliwa alijua fungu lake kabla kitu hakijafika dukani. Hakukuwa na kikao cha kukumbushana nani alisema nini.

Quirky ilifilisika Septemba 2015, nakwambia ukweli wote. Walitoa bidhaa nyingi mno kwa haraka, na kila bidhaa inataka kalibu yake, yani lile umbo la kumiminia plastiki au chuma, mzigo wake, ghala lake, nyingine hazikununuliwa na hela ikaishia huko. Kugawana na umma hakukuwaua, kilichowaua ni kutengeneza kabla ya kujua nani atanunua. Kwahiyo nyie na kishikio kimoja kinachouzika mko pazuri, msikimbilie kutoa vitu vitano.

Kaeni chini wiki hii, sio mwezi ujao, kabla hela kubwa haijaingia maana ikishaingia kila mtu anakumbuka mchango wake kuwa mkubwa. Fungueni lile grupu mrudi nyuma mpaka picha ya kwanza, ujumbe wote una tarehe, huo ni ushahidi mzuri kuliko daftari lolote. Andikeni nani alitoa nini. Alafu tenganisheni mafungu matatu: fungu la wazo, ambalo mtu analipwa kila kinapouzwa hata akiwa amelala, fungu la mtaji, la aliyetoa hela ya kununua waya na silikoni, na malipo ya kazi, ya anayekunja na kufunga na kupeleka. Dada wa jina akiona kuwa mafungu ni matatu na yeye yuko kwenye sehemu ya moja tu, nusu ataiacha mwenyewe bila ugomvi, na kama anataka zaidi basi aweke mtaji au aje akunje waya. Andikeni pia mtu akijitoa inakuaje, na akifariki inakuaje, watu wanaona aibu kuliandika hilo ila familia zinagombana hapo hapo. Sainini wote. Mkiwa na uwezo mpelekeeni mwanasheria anayejua mali za ubunifu aipitie, mara nyingi anatoza kidogo kupitia karatasi iliyokwisha andikwa kuliko kuiandika mwanzo.

*

Anti habari za kazi. Nimebuni stuli ya kukunjika ya kupanda kufikia makabati ya juu, inajibana ukutani haichukui nafasi. Nimepata kampuni kwenye intaneti wanasema wazo langu ni zuri sana, watalifanyia utafiti wa soko, watalisajili na kulipeleka kwa viwanda vikubwa, ila natakiwa kulipa kwanza. Mke wangu anasema nisubiri. Wewe unaonaje?
Kaka wa Stuli

Nzuri kaka. Msikilize mkeo.

Mimi mwenyewe miaka ya nyuma niliwahi kulipa kampuni ya namna hiyo kwa kitu changu cha kutundikia vikapu, nikaletewa kitabu kizuri chenye picha yangu na kurasa nyingi za maneno ya jumla kuhusu soko, alafu simu zikaacha kupokelewa. Iliniuma na bado inaniuma, sio hela tu, ni kwamba nilikaa miaka miwili sijagusa kile kitu nikidhani kuna watu wanakishughulikia.

Wenye biashara ya kweli wanakula kwenye mauzo, ukiuza nao wanapata. Anayekula kwenye ada yako ameshapata siku uliyolipa, stuli itauzwa au haitauzwa hana presha. Marekani tatizo hili lilikua mpaka mwaka 1999 wakatunga sheria kwamba kampuni hizi, kabla hujasaini, lazima zikwambie kwa maandishi zimepima mawazo mangapi kwa miaka mitano iliyopita, mangapi wameyasifia na mangapi wameyakataa, na ni wateja wangapi wamepata hela nyingi kuliko walizolipa. Hata kama wewe hauko Marekani waulize maswali hayo hayo. Kampuni inayosifia kila wazo linaloingia haijasoma hata moja.

Badala yake chukua ile ada utengeneze stuli tatu, wape majirani watatu wa umri tofauti, hasa mzee mmoja, wakae nazo mwezi. Ulizia inapobana vidole. Stuli ya kukunjika lazima inabana vidole mahali.

*

Anti mambo! Niliweka video ya kifaa changu cha kukamulia dekio bila kuinama, nimepata laiki zaidi ya elfu tisa na komenti za "nakitaka" kibao. Nataka kukopa nitengeneze 2,000. Ushauri?
Binti Dekio

Poa mdogo wangu. Usikope bado.

Laiki haimgharimu mtu kitu. Hata LEGO, wale wa matofali ya kuchezea watoto, wana utaratibu wao wa kupokea michoro ya watu wa kawaida, ukipata kura 10,000 hapo ndo kwanza wanakaa kuipitia, na mingi inakataliwa ikiwa tayari ina kura zake zote, ikipita mbunifu anapata asilimia 1 ya mauzo. Kura elfu kumi zimemfikisha mlangoni tu.

Waombe wale wa "nakitaka" waweke oda na malipo kidogo ya awali, utaona elfu tisa inabaki ngapi, na hiyo itakayobaki ndo namba yako. Ila kabla hujataja bei piga hesabu mpaka mwisho: malighafi, kalibu, vilivyoharibika, boksi, usafiri, na kurudisha cha mteja kilichovunjika. Mwaka 2014 kuna boksi la kutunzia vinywaji baridi lililoitwa Coolest Cooler, lilikusanya zaidi ya dola milioni 13 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela kabla kitu hakijatengenezwa, kutoka kwa watu zaidi ya 62,000, watu walishangilia sana, kumbe bei waliyouzia haikutosha kutengeneza na kusafirisha, maelfu ya waliolipa hawakupata kitu mpaka kampuni inafungwa 2019. Oda zilikuwa nyingi na ndo zilizowazamisha, kila moja ilikuwa na hasara ndani.

Wewe anza na 50, za kukunja kwa mkono bila kalibu, na kwenye kila kimoja weka karatasi yenye namba yako ya simu uwaambie wakutumie picha wakikitumia vibaya au kwa kazi nyingine. Yule dada wa Ireland aliyebuni Sugru, ule udongo wa mpira wa kutengenezea vitu vilivyovunjika, alianza kuuza Desemba 2009 na pakiti 1,000, zikaisha ndani ya saa sita, na wanunuzi wenyewe ndo walikuwa wanamtumia picha za matumizi mapya, nyaya za chaja, vipini vya visu, mpaka picha hizo zikawa ndo matangazo yake. Wakikutumia picha hifadhi na jina la aliyetuma na tarehe, kama nilivyomwambia Mama Wawili hapo juu. Alafu niandikie tena ukishauza hizo 50, na uniambie ngapi zilirudi.