Maswali ya Wasomaji: R-22 Inaondolewa Vipi, na Nani Analipa?

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Ninasikia kwamba gesi ya R-22 inapigwa marufuku chini ya mpango wa taifa wa kulinda tabaka la ozoni, ilhali viyoyozi vingi ninavyovihudumia bado vinaitumia na havina ubovu. Je, wateja wangu watalazimika kuvitupa?*

Hapana, Ndugu Fundi. Neno "marufuku" limewatia hofu wengi kwa sababu linaeleza nusu tu ya jambo. Mpango wa aina hii hauingii nyumbani mwa mteja kukagua kiyoyozi chake, unasimama mpakani. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni uliotiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, inayahesabu matumizi ya nchi kwa kujumlisha gesi iliyozalishwa na ile iliyoagizwa, kisha kutoa iliyouzwa nje. Kwa kuwa nchi nyingi zinazoendelea hazina viwanda vya kuzalisha gesi hizo, hesabu yao karibu yote ni ya uagizaji, na ndiyo maana nguzo ya mpango ni kibali cha mwagizaji, kikomo cha kila mwaka na ofisa wa forodha anayejua kutambua kilichomo ndani ya mtungi.

R-22 imo katika kundi la haidroklorofluorokaboni, kwa kifupi HCFC. Kwa nchi zinazoendelea, kiwango cha kuanzia ni wastani wa miaka ya 2009 na 2010. Uagizaji ulizuiwa usipite kiwango hicho mwaka 2013, ukapunguzwa kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Ifikapo mwaka 2030 utakoma, isipokuwa kiasi kidogo kisichozidi wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka, kitakachoruhusiwa hadi 2040 kwa ajili ya kuhudumia mashine zilizobaki. Kwa hiyo kiyoyozi cha mteja wako kinaweza kuendelea kufanya kazi mpaka kichakae chenyewe. Kitakachoadimika ni gesi ya kukijazia.

Hapo ndipo kazi yako inapokuwa sehemu ya mpango, hata kama hujawahi kuitwa kwenye semina. Mfumo wa kiyoyozi umefungwa, na gesi haipungui kwa kutumika kama mafuta ya gari yanavyopungua, ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza gesi kila baada ya miezi michache bila kuutafuta mvujo anatumia mgao wa nchi nzima kuitia hewani, na kwa maoni yangu mazoea hayo yanaudhoofisha mpango kuliko mashine kuukuu zenyewe. Mipango mingi hutoa mafunzo na mashine za kunyonya gesi ili mtambo unapofunguliwa gesi ihifadhiwe kwenye mtungi, isafishwe na kutumika tena. Gesi iliyookolewa hivyo na kutumika tena nchini haihesabiwi kuwa imeagizwa upya.

Nikuonye pia kuhusu njia za mkato. Propani, inayojulikana kwa jina la R-290, ni gesi nzuri ya kupoza katika mashine iliyoundwa kwa ajili yake, lakini inawaka, na kiyoyozi cha R-22 hakikuundwa kwa gesi inayowaka. Mitungi ya bandia nayo si mzaha: mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka na kuua watu, baada ya kujazwa gesi iliyodaiwa kuwa R-134a, gesi nyingine ya kupoza, kumbe imechanganywa na kemikali ya kloridi ya methili.

*Mipango hii hulipiwa na nani?*

Kwa nchi zinazoendelea, sehemu kubwa hulipiwa na mfuko wa pamoja ulioamuliwa na wanachama wa Itifaki mwaka 1990, unaochangiwa na nchi zilizoendelea. Miradi hupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNDP, UNEP na UNIDO, pamoja na Benki ya Dunia. Fedha hutolewa kwa awamu, na nchi isiyowasilisha takwimu zake au iliyovuka kikomo chake hujikuta katika mashaka ya kuipata awamu inayofuata, jambo linaloifanya daftari ya forodha kuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

*Tuliambiwa kwamba CFC, zile gesi za zamani zinazoharibu ozoni, zilikwisha kuondolewa tangu 2010. Kwa nini basi kazi haiishi?*

Kilichokoma 2010 ni uzalishaji na uagizaji, ukiacha matumizi machache yaliyoruhusiwa. CFC-12 iliyokwisha kutoroka hukaa angani kwa takriban karne moja, na CFC nyingine bado zimefungiwa ndani ya povu la majokofu na majengo ya zamani. Tathmini ya wanasayansi ya 2022 inakadiria kwamba tabaka la ozoni litarudia hali ya mwaka 1980 kufikia takriban 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, 2045 juu ya Aktiki, na 2066 juu ya Antaktika, iwapo masharti yataendelea kufuatwa.

Udanganyifu nao upo. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba CFC-11 ilikuwa ikitoka kwa wingi usiotarajiwa tangu karibu 2012, na sehemu kubwa ilifuatiliwa hadi mashariki mwa China. Baada ya jambo hilo kuwekwa hadharani, utoaji ulishuka tena. Vipimo vya angani vilifichua kile ambacho takwimu zilizowasilishwa hazikukionyesha.

Aidha, gesi za HFC zilizochukua nafasi ya zile za zamani, kama R-134a na R-410A, haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia kwa kiwango kikubwa. Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yaliziingiza katika Itifaki, na nchi nyingi zinazoendelea zilianza kuzuia ongezeko lake mwaka 2024. Kwa kawaida ofisi ileile iliyokuwa ikitoa vibali vya R-22 ndiyo iliyokabidhiwa na hizi pia.