Irudie tu, dada

Dada, umeuliza kama Buffy the Vampire Slayer, ile tamthilia ya Kimarekani ya Buffy, msichana mwinda vampaya, bado inaangalika baada ya miaka yote hii. Inaangalika sana. Msimu wa kwanza, wa 1997, uvumilie tu, sura za vampaya zinaonekana kabisa ni mpira. Sisi wa Tanga tuliolelewa kwa kutishiwa mumiani, zamani tulifuatilia meno tu: nani kang'atwa, nani kapona. Safari hii kilichonikaba koo ni kipindi cha "The Body" cha 2001, msimu wa tano. Buffy anarudi nyumbani, anamkuta mama yake kwenye kochi, keshafariki, na aliyemuua si vampaya, ni maradhi. Kipindi kizima hakina muziki. Anatapika sakafuni, anafunika kwa karatasi ya jikoni, anasimama akiitazama inavyolowa. Aliyewahi kukaa matangani kwa mzazi wake ataujua ukimya ule. Halafu Anya, binadamu sasa lakini zamani alikuwa pepo kwa zaidi ya miaka elfu, analia akiuliza kwa nini mama wa watu asirudi tu mwilini mwake. Hapo nilisimamisha kwanza. Kama muda ni mdogo, anzia msimu wa pili.